Siku ya Ogwal

Jumatano, 21 Septemba 1977

Naandika kwa Kiswahili changu cha polisi. Loice mke wangu anakisema kunishinda lakini kukisoma hakisomi, na mwanamume mwenye mke kama wangu anahitaji walau mahali pamoja pa kusema bila kukatizwa. Daftari ni la shule la binti yetu Akidi, ambaye aliolewa akaacha kurasa nyingi nyeupe.

Jana redio ilisoma orodha ya makanisa yaliyopigwa marufuku. Letu halikutajwa, sisi ni wadogo mno, lakini mkuu wa muluka, yaani wa kata yetu, hakungoja litajwe. Leo asubuhi kaja na kufuli. Kanisa letu ni mabati chakavu niliyoyabeba kutoka Katwe, kwa hiyo kufuli lile ndicho kitu kizuri kuliko vyote vilivyowahi kuwekwa pale. Akaniambia ni marufuku kukusanya watu, marufuku kuhubiri, na nikikaidi nitachukuliwa, wala yeye hatajua nimepelekwa wapi. Alisema kwa upole, maana amekula maharage yangu miaka mingi. Nikamwuliza, na kulima je? Akacheka, akasema kulima bado.

Nilifika bondeni hapa chini ya Luzira mwaka 1961 na jembe, panga na Biblia. Palikuwa na mafunjo na mbu, basi. Nimefyeka, nimechimba mitaro, nimewavuta watu mmoja mmoja mpaka wakatimia thelathini na mmoja. Sasa mimi, Fabiano Obwona, naambiwa nifunge mdomo. Loice anasema hapo ndipo nitakapofia, serikali haina haja ya kujisumbua.

Alhamisi, 22 Septemba

Nimepata njia. Sikulala kwa furaha.

Kwetu Acholi shamba halilimwi na mtu mmoja. Watu huungana kundi, leo wanamlimia huyu, kesho kutwa yule, mpaka kila mtu amepata siku yake. Kundi lina kiongozi wake, rwot kweri, yaani mkuu wa majembe. Yeye ndiye anayepanga zamu na kuwatoza faini wachelewaji. Basi watu wangu thelathini na mmoja kuanzia leo ni kundi la kulima, na mkuu wa majembe ni nani? Ni mimi. Atakayesema tumekusanyika, nitamwonyesha majembe.

Kwa desturi mwenye shamba hutoa pombe. Sisi tutatoa uji wa ulezi wenye ndimu. Jirani yangu Jafar Marjan, seremala, Mnubi wa watu, kasikia habari ya uji akasema naye anajiunga, kwamba hili ndilo jambo la kwanza ambalo msikiti na mimi tumewahi kukubaliana.

Jumatatu, 26 Septemba

Tumeanza kwa Mama Alal, mjane anayeuza samaki wa Port Bell. Tulijipanga mstari mmoja, vichwa chini, mimi katikati. Jembe likishuka nasema neno, likipanda navuta pumzi. Niliwahubiria Ruthu na masazo ya shayiri kuanzia mtaro mpaka njia, na aliyepita barabarani aliona migongo tu. Nimefurahi mpaka machozi.

Mwishoni Mama Alal akanishika mkono mbele ya watu. "Mtumishi, ukiwa na jembe unahubiri kwa kifupi. Ungelianza kulima zamani."

Watu walicheka kupita kiasi, nikawatoza faini wawili.

Alhamisi, 29 Septemba

Mvua kubwa. Maharage ya Alal yamezama, tumezibua mtaro. Mahubiri kuhusu Nuhu, hayakuhitaji maelezo.

Jumatatu, 3 Oktoba

Zamu ya Jafar. Leo limekuja jambo ambalo silipendi.

Tulipofika tukamkuta mtu anatungoja, jembe jipya begani. Jina lake Ogwal, mtu wa kabila la Lango, askari jela, anakaa kwenye nyumba za askari kule juu. Mrefu, mkimya, viatu vimepigwa rangi. Viatu, shambani. Akasema amesikia kuna kundi, naye anaomba kuingia. Nikamwuliza amesikia kwa nani. Akajibu, kwa watu tu.

Kwa watu tu! Desturi inanibana, kwa sababu mtu aliyekuja na jembe hafukuzwi, na mgeni hupangwa ubavuni mwa mkuu wa majembe ili ajifunze. Basi nimelima saa tano nzima bega kwa bega na mtu wa serikali, nikiwa na Danieli tayari mdomoni, nikammeza Danieli pamoja na simba wake. Wengine nao wamenyamaza. Mama Alal alianza wimbo, nikamkanyaga mguu.

Ogwal analima vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Anakata magugu juu kama anayenyoa ndevu.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimepita nyumba kwa nyumba kutoa amri: Ogwal akiwapo, neno la Mungu lisitajwe. Tutazungumza habari za mbegu, mvua na bei ya chumvi. Wamekubali wote. Jafar kaniuliza mpelelezi gani anayelima vibaya namna ile, serikali isingemfundisha kwanza? Nikamwambia huo ndio ujanja wenyewe.

Alhamisi, 6 Oktoba

Ogwal alikuja. Tumezungumza habari za magugu.

Jumatatu, 10 Oktoba

Ogwal alikuja. Magugu.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nilitumaini yuko kazini. Aliomba ruhusa akaja. Loice anasema sijawahi kuwa na mshirika mwaminifu namna hii.

Jumatatu, 24 Oktoba

Leo nimepata ushahidi.

Kundi linazunguka, karibu kila mtu keshapangiwa siku yake. Kama mkuu wa majembe nikamwuliza Ogwal mbele ya watu, wewe tukulimie lini? Akainamisha kichwa akasema, "Mimi sina shamba, Mzee. Siku yangu ninayo, lakini nitaisema baadaye."

Sasa niambie, ewe daftari. Mtu anawalimia wenzake wiki ya nne, malengelenge mikononi, bila kudai siku yake. Katika maisha yangu sijaona. Hata ndugu wa tumbo moja hudai. Anayelima bila kudai keshalipwa kwingine. Nilipomweleza Loice hesabu hiyo, akasema huenda mtu ana upweke tu, Baba Akidi. Wanawake wana mioyo laini, ndiyo maana hawapewi upolisi.

Na Ogwal akanong'ona swali tulipokuwa tunakunywa uji. Kaniuliza, eti sisi zaidi ya kulima huwa tunafanya nini? Nikamjibu tunapalilia.

Alhamisi, 3 Novemba

Tumebaki ishirini na wawili. Wengine wanasema kama ni kulima tu, wana mashamba yao.

Ijumaa, 11 Novemba

Senene wameanguka. Luzira nzima, Mwislamu na Mkristo, askari na mama wa soko, wote wako kwenye nyasi na makopo. Jafar kajaza ndoo. Nilimkuta Ogwal peke yake kando ya njia ana senene saba kwenye kofia, anawatazama kama asiyejua awafanyeje. Nikamwambia wang'olewe mabawa, wakaangwe kwa mafuta yao wenyewe. Akasema zamani alikuwa na mtu wa kumkaangia. Karibu nimkaribishe nyumbani. Nikajikumbusha viatu.

Alhamisi, 17 Novemba

Nataka kuandika lilivyokuwa.

Tulikuwa kwangu, palizi ya mwisho ya maharage, watu kumi na wanane. Ikaja gari, Pijo nyeupe, ikasimama kwenye mtaro. Wakashuka vijana wawili wa usalama, miwani myeusi na suruali pana. Mkuu wa muluka alikuwa nyuma yao, ameshika kofia kama mtu aliye msibani. Majembe yote yakasimama. Mama Alal akapiga magoti akajifanya anatafuta kitu.

Mmoja akauliza sisi ni nani. Nikasema ni wakulima. Akanisogelea mpaka nikajiona ndani ya miwani yake, kadogo, kameshika jembe. Akaniuliza, wewe si yule mhubiri wa kanisa la mabati?

Nilikuwa polisi miaka tisa. Nimefukuza wezi wa ng'ombe usiku Karamoja. Siku zote niliwaambia watu wangu kwamba ikija siku hiyo nitajibu kwa sauti. Nikasema, "Hapana, bwana. Mimi ni mkulima tu."

Hilo neno "tu" limenikaa kooni mpaka sasa.

Ndipo Ogwal, mtu asiyesema, akasema. "Huyu ni mkuu wetu wa majembe. Ananifundisha kulima, na mwezi wa pili huu sijajua." Akawaonyesha mstari wake. Vijana wakautazama mstari wa Ogwal, magugu yamesimama katikati ya maharage kama gwaride, na yule mkubwa akaanza kucheka. Akamwuliza anafanya kazi wapi, Ogwal akamwambia. Wakapanda gari wakaondoka.

Watu walimshukuru Ogwal. Mimi sikuweza. Niliona jinsi walivyozungumza naye kirahisi, wakamwamini kwa neno moja. Wanajuana. Sasa sina shaka tena. Lakini kwa nini basi hakunitaja? Loice anasema kwa sababu ana akili kuliko mimi. Nimemwambia azime taa.

Alhamisi, 24 Novemba

Tumi na wanne, nilitaka kuandika kumi na wanne. Sijahubiri tangu Septemba. Naota ninahubiri, Loice ananipiga kiwiko.

Jumatatu, 28 Novemba

Jua. Maganda ya maharage yanakauka vizuri.

Jumatatu, 5 Desemba

Tumeng'oa maharage. Mavuno ambayo bonde hili halijaona tangu nilifyeke. Magunia kumi na moja kwangu, tisa kwa Jafar, na Mama Alal aliyezama Septemba kapata saba. Tumelima vizuri kuliko mwaka wowote, na watu waliobaki ni tisa. Nilipokuwa nahubiri kanisani maharage yalikuwa mabaya na watu walijaa. Nimekaa juu ya gunia nikajisikia fukara. Kanisa nililijenga kwa miaka kumi na sita, na naliua kwa miezi miwili ya kunyamaza, kwa hofu ya mtu mmoja mwenye viatu safi.

Jumapili, 11 Desemba

Nimerudi leo saa kumi jioni juu ya lori la makaa, mweusi mpaka masikio. Loice kanimwagia maji madebe matatu bila kuuliza neno, kisha kauliza yote kwa pamoja. Acha nipange.

Jana asubuhi Ogwal alibisha mlangoni amevaa sare, na furushi. Kahamishiwa Arua. Lori lililoleta ufuta Port Bell linarudi Gulu, wamempa nafasi juu ya mizigo, anakuja kuaga. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikampa kikapu cha maharage. Nikambebea furushi kumsindikiza mpaka barabarani. Kwa adabu, nilimwambia Loice. Ukweli nilitaka kumwona akiondoka kwa macho yangu.

Lori lilikuwa linanguruma. Akaniomba tusimame pembeni.

"Mzee, uliniuliza siku yangu," akasema. "Mke wangu alifariki mwezi wa nane. Nikasikia huku bondeni kuna mzee anayehubiri watu wakilima. Mimi sina shamba. Siku yangu, nilitaka unihubirie."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Kila nilipokaribia mlinyamaza. Nikafikiri mimi bado mgeni, labda mtu hupewa akishalima vya kutosha. Basi nikawa nalima."

Nimeandika hayo maneno kama alivyoyasema, ili niyasome kila nitakapojiona mwerevu. Wiki kumi mtu kalima na kilio ubavuni mwangu, jembe lake linagonga langu, na mimi nampa habari za magugu. Mikono yake nimeiona ikichubuka, nikaihesabu kuwa ushahidi. Wala hakuwa na hasira. Alinishukuru kwa maharage, akapanda.

Dereva akaingiza gia. Mimi nina miaka hamsini na nane na goti bovu. Nikashika ubao wa nyuma, Ogwal akanivuta mkono, nikaangukia juu ya magunia ya chumvi kati ya watu saba wasionijua. Nikamwambia, "Leo ndiyo siku yako. Kaa hapa ubavuni."

Na nikaanza. Hotuba zote nilizozimeza tangu Septemba zilitaka kutoka kwa pamoja, lakini niliyoshika ni Yona, maana ndiye niliyemfahamu zaidi jana: mtu aliyetumwa kusema akakimbia. Nilihubiri Nakawa, nikahubiri Wandegeya katikati ya honi, mpaka wale saba wakageuka kutusikiliza. Kawempe tulikuwa ndani ya tumbo la samaki tulipofika kwenye kizuizi cha askari barabarani.

Injini ikazimwa, mimi nikabaki nimepaza sauti peke yangu. Askari mwenye bunduki akapanda kwenye gurudumu. Akauliza ni nani anayepiga kelele. Watu wote saba wakatazama chumvi. Ogwal akafungua mdomo, nikamwekea mkono gotini, kwa sababu safari hii halikuwa jibu lake.

"Ni mimi, afande. Mimi ni mhubiri. Namhubiria huyu, amefiwa na mke."

Nilimsikia kuku mmoja kwenye kikapu cha mtu. Askari akaniangalia, akamwangalia Ogwal, akauliza namhubiria habari ya nani. Nikasema Yona, nabii aliyemezwa na samaki.

"Yunus," akasema askari.

"Huyo huyo."

Akaiweka bunduki begani, akamwambia dereva angoje. Akaniuliza na sisi tunasema alikaa mle siku ngapi. Nikasema tatu. Akatikisa kichwa akasema, haya, mtoe. Basi nikamtoa Yona pwani pale Kawempe kizuizini, mbele ya askari watatu na magari kumi nyuma yetu, na sijawahi kumtoa vizuri hivyo. Yule askari alipokuwa anashuka kwenye gurudumu akampa Ogwal pole ya msiba, akaniambia nipunguze sauti, wengine mbele si watu wa kusikiliza.

Nilipanga kushuka Bombo. Tulipofika Bombo, Ogwal alikuwa ameanza kulia, kimya, kama anavyofanya kila kitu, na mtu haachwi katikati ya kilio. Nikaenda naye hadi Luwero. Kutoka hapo sikuhubiri tena. Alinieleza habari za mkewe: jina lake lilikuwa Rukiah, alicheka kwa kufunika meno, alijua kukaanga senene. Mimi Fabiano nikasikiliza maili ishirini bila kukatiza. Loice hasadiki sehemu hiyo.

Luwero tukaagana. Akasema siku yake imelimwa, tena vizuri.

Nilipomaliza kusimulia hapa nyumbani, Jafar alikuwa keshafika, na Mama Alal na samaki wake. Nilidhani watanisifu. Loice akasema, Baba Akidi, umemhubiria mtu mmoja mpaka Luwero, na sisi wa hapa umetulimisha miezi miwili kama ng'ombe. Niliwatazama wale watu, nikawaona kama nilivyomwona Ogwal kwenye lori.

Kesho Jumatatu, saa kumi na mbili, zamu ni ya Mama Alal, palizi ya muhogo. Kasema atapita kwa kila aliyetoka kwenye kundi awaambie waje. Nikamwonya mapema kwamba nitafungua mdomo, na Pijo ikija sitasema "tu". Akasema vyema. Nikamwuliza magugu ni mengi kiasi gani, nijue watu wanaohitajika.

"Hakuna magugu, Mtumishi," akasema. "Nimeshayang'oa yote mwenyewe."